Dijitali Haina Chenga

Kipindi mitambo ya zamani ya televisheni ilipokuwa inakaribia kuzimwa, mimi nilikuwa nauza ving'amuzi katika duka moja mjini Singida. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kabla ya hapo nilikuwa nyumbani Ilongero nikilima alizeti na wazazi wangu, na kazi ya dukani niliipata kwa sababu ya mdomo tu. Mwenye duka alinisikia sokoni nikinadi alizeti ya mama, akasema mdomo kama huu usiozee shambani.

Mafunzo tulipewa siku moja, kwenye ukumbi wa hoteli, pamoja na fulana na soda. Mwezeshaji aliyetoka Dar es Salaam alitukaririsha maneno matatu: dijitali haina chenga. Tuliyasema kwa pamoja kama watoto wa chekechea, tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza mawimbi yanasafirije mpaka yaifikie nyumba ya mtu, na mimi pia sikuuliza. Niliyapenda yale maneno. Yalikuwa mafupi, na mteja akiyasikia alikuwa anatabasamu, kwa sababu kila mwenye televisheni huku kwetu alikuwa amechoshwa na zile chenga nyeupe za kwenye kioo.

Ukweli ni kwamba mambo yalikuwa yamevurugika. Kulikuwa na ving'amuzi vya antena na vya dishi. Cha kampuni hii hakikusoma kadi ya kampuni ile. Halafu hata hivyo vya antena vilikuwa vya mifumo miwili ya dijitali, wa zamani na mpya, na kifaa cha mfumo wa zamani hakikuweza kabisa kusoma matangazo yaliyorushwa kwa mfumo mpya. Hilo la mwisho nilikuwa silijui. Nilichokijua mimi ni rangi za maboksi.

Asubuhi moja akaingia dukani mwalimu wangu wa sayansi wa darasa la sita. Alikuwa amestaafu, amerudi kwao upande wa Mtinko. Koti lake lilikuwa lilelile la kijivu, ila bega moja lilikuwa limeshuka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Kumbe uko huku? Vizuri sana. Basi leo wewe ndiye utanifundisha."

Aliniambia mke wake ana shida ya miguu, hawezi kutoka, na mchana kutwa anatazama televisheni. Anapenda Bunge. Kwa zile chenga hawaoni vizuri wabunge, lakini anawajua wote kwa sauti na kwa mabega. Sasa wamesikia mitambo itazimwa. Akalichukua boksi moja, akavaa miwani, akaanza kusoma maandishi ya chini ambayo mimi sijawahi kuyasoma.

"Nimesoma gazetini kuwa mifumo ya kurusha ni zaidi ya mmoja," alisema. "Mnara wa hapa mjini unarusha kwa mfumo upi? Na hiki kifaa ni cha mfumo upi?"

"Zote ni dijitali, mwalimu."

"Sawa. Lakini zinaelewana?"

"Zinaelewana. Dijitali haina chenga."

Akanitazama juu ya miwani. Kisha akatoa mfukoni simu ya Kichina, zile zenye antena ya kuvuta, ambazo kipindi kile watu wengi walikuwa nazo kwa ajili ya mpira. Alisema akiwa malishoni na ng'ombe wake hupanda juu ya mwamba akatazama habari kwenye kile kioo kidogo, akirudi anamhadithia mama nyumbani.

"Na hii je? Wakizima, itaendelea kuona?"

"Itaona, mwalimu. Tena vizuri zaidi."

Hilo nalo sikulijua. Lilinitoka tu. Baadaye ndipo nilipokuja kuelewa kwamba zile simu zilitengenezwa kwa matangazo ya zamani peke yake, na siku mitambo ilipozimwa antena zake zilibaki kuwa vijiti vya watoto kuchezea.

Mwalimu alilirudisha boksi mezani. "Wewe ndiye mtaalamu," alisema, akanunua.

Wiki iliyofuata nilipanda bodaboda kwenda kumfungia, nimeshika antena mkononi na kamba ya waya begani. Nyumba yao ilikuwa nzuri, ya matofali ya kuchoma na bati, lakini ilikuwa imekaa nyuma kabisa ya kilima cha mawe. Ukisimama uani ukatazama upande wa mjini, unaona mwamba tu, mkubwa kama ghala, na mingine imepandiana juu yake. Niliutazama mara moja, nikageuka kutafuta mahali pa kusimamisha bomba.

Mama alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameketi kwenye kochi, kitenge kipya, nywele zimesukwa, miguu imefunikwa shuka, kama mtu anayesubiri wakwe. Alinipokea kwa salamu ndefu ya Kinyaturu, akaniuliza habari za wazazi wangu mmoja mmoja, ndipo akaniruhusu nishike kazi.

Tulisimamisha bomba refu, tukafunga antena juu yake. Mwalimu alilizungusha, mimi nikiwa ndani na rimoti. Kila tulipotafuta chaneli, mstari ulitembea kwenye kioo mpaka mwisho, kisha yakatokea maneno yaleyale: hakuna chaneli. Tukageuza kushoto, tukageuza kulia, tukaliongeza bomba kwa mti wa mkaratusi. Jasho lilinitoka. Hakuna chaneli.

"Nirudishieni wale wangu wa kwenye mvua ya mawe," alisema mama mwishowe.

Tukarudisha waya wa zamani. Wabunge wakarudi, weupe, wakitetemeka, wanapotea na kutokea. Mama akacheka, akamtaja mmoja kwa jina la jimbo lake.

Mimi nilifunga begi langu. Nikamwambia mwalimu wasiwe na wasiwasi, mitambo ya zamani ikizimwa, ile mipya itaongezwa nguvu, king'amuzi kitashika chenyewe. Maneno hayo niliyasikia dukani, na dukani hakuna aliyejua yametoka wapi. Mwalimu alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda, akanishukuru kwa kuja.

Mitambo ikazimwa. Mjini ilikuwa sherehe. Watu walijaa dukani, na picha zilikuwa safi kweli, unaona mpaka vifungo vya shati la msomaji wa habari. Lakini Mtinko, nyuma ya ule mwamba, niliijua hali ilivyo bila kuambiwa. Mwalimu alinitumia ujumbe mmoja tu kwenye simu: "Binti yangu, ukipata nafasi upite." Sikujibu. Alipiga mara mbili, nikaitazama simu inavyolia mpaka ikanyamaza. Nilijiambia nina kazi nyingi. Nilikuwa nazo kweli, na bado ilikuwa uongo.

Siku hizo nilianza kufikiria jambo ambalo bado nalifikiria. Matangazo ya zamani yalikuwa mabovu, lakini yaliwagawia watu wote ubovu. Aliye karibu alipata picha, aliye mbali akapata nusu picha, aliye nyuma ya mlima akapata sauti na vivuli, naye akaridhika maana alijua walau dunia inasema nini. Haya mapya yanakupa yote au hayakupi kitu. Hakuna pa kusimama katikati. Sisi tulifundishwa kuisifia ile picha safi, tukasahau kuuliza wale waliokuwa wanaishi kwa chenga watakwenda wapi.

Mwezi mmoja hivi ukapita. Siku moja saa nne asubuhi niliingia kwenye mgahawa karibu na stendi kununua chapati. Televisheni ilikuwa imewashwa ukutani, Bunge linaendelea, na watu wanakula bila kuangalia. Meza ya mbele kabisa alikuwa amekaa mwalimu. Chai yake imepoa, imeweka utando juu. Mbele yake kulikuwa na daftari la shule, naye anaandika haraka, anainua kichwa, anaandika tena.

Nilitaka kutoka, kisha nikaisogelea meza yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kaa, binti yangu. Ngoja kidogo, waziri anajibu swali la maji."

Nikakaa. Nilisoma kwa pembeni. Alikuwa ameandika nani ameuliza, nani amejibu, amejibu nini. Na pembezoni, kwa herufi ndogo: amecheka, amekasirika, kilemba cha njano.

"Mama anapenda kujua wamevaaje," alisema bila kugeuka. "Kwenye chenga alikuwa haoni rangi. Sasa nampelekea rangi."

"Unakuja kila siku?"

"Mara mbili kwa wiki. Siku nyingine anasikiliza redio, lakini anasema redioni watu hawana mabega."

Nikamwambia, "Mwalimu, nisamehe. Nilikuwa sijui."

Akafunga daftari taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja.

"Kutokujua si neno," alisema. "Lakini ulinijibu. Unakumbuka darasani? Nilikuwa nawaambia asiyejua aseme hajui, tutafute wote. Wewe ulikuwa hupendi kusema hujui. Ulikuwa unajibu tu, tena kwa sauti kubwa kuliko wote." Akacheka. "Na mimi nilikuwa nakupa vema kwa ile sauti. Kwa hiyo kosa hili tugawane."

Nilirudi dukani nikamweleza mwenye duka. Alisema mali ikishatoka haipokelewi, na Mtinko wasubiri, nguvu itaongezwa. Nikasikia sentensi yangu ikitoka kinywani mwa mtu mwingine, na nikaona jinsi ilivyo tupu.

Nyuma ya soko alikuwepo fundi mmoja mzee wa redio. Sisi wauza ving'amuzi tulikuwa tunamcheka, tunasema zama zake zimepita. Nilimpelekea kifaa kimoja kama kile cha mwalimu. Alikigeuza, akanionyesha herufi zilizoandikwa mgongoni, chini kabisa.

"Hiki ni cha mfumo wa zamani, si kama vile vya mzigo mpya mnavyouza sasa. Mnara unaotaka kuushika unarusha kwa mfumo mpya. Hata ukikiweka chini ya mnara wenyewe, kitakuambia hakuna chaneli. Mteja wako anakaa wapi?"

Nikamwambia. Nikamweleza na ule mwamba.

"Basi una matatizo mawili," alisema. "Anza na moja. Uyatenganishe." Akanikopesha kifaa chake cha mfumo mpya na televisheni ndogo ya kupimia, akanielekeza namna ya kuviwasha kwa betri ya gari.

Jumapili nilikuwa Mtinko. Nilimweleza mwalimu kila kitu nilichoambiwa, bila kukata. Alisikiliza kama mtu anayesahihisha mtihani, akasema, "Sawa, twende tukapime." Tulijaribu uani kwanza. Chaneli zikaonekana majina, picha zikagoma: uso unatokea vipande vipande, unaganda, unapotea. Tukabeba betri na televisheni, tukapanda kile kilima, tukipumzika kila hatua chache kwa sababu ya kifua chake. Juu ya mwamba nikaunganisha waya, nikainua antena kwa mkono.

Picha ikaja. Safi, haitikisiki, kama umefungua dirisha. Mwalimu akapiga kofi.

Kutoka chini, mlangoni, ambako alikuwa amesogezwa pamoja na kiti chake, mama alipaza sauti. "Mnaona nini?"

"Kwaya!" mwalimu akajibu kwa kelele. "Kwaya inaimba!"

"Sare zao?"

"Zambarau! Na kola nyeupe!"

"Wangapi?"

Mwalimu akaanza kuhesabu kwa kidole kwenye kioo. Nilikuwa nimeshika antena juu, mkono unawaka moto, na niliogopa kuushusha. Tulikaa hivyo muda mrefu, yeye akipeleka habari chini kwa sauti, mama akiuliza zaidi. Alipochoka aliketi juu ya jiwe, akafuta miwani.

"Mfumo tumeupata," alisema. "Sasa mwamba. Ama tumbebe mama kila siku tumlete huku, ama?"

Waya wa kutoka pale mpaka nyumbani ungekuwa mrefu mno, picha ingekufa njiani. Nilisema nadhani dawa ni dishi. Nikajirekebisha: nilisema sina hakika, lakini dishi linatazama juu angani, halitazami mnara, na kwa juu pale uani palikuwa peupe.

"Hapo umesema vizuri," alisema. "Hebu tuone."

Dishi nilikuwa nalo moja, langu mwenyewe, limefungwa kwenye ukuta wa chumba nilichopanga mjini, pamoja na king'amuzi chake kilichokuwa kinaonyesha chaneli chache za bure. Wiki hiyo nikalifungua kwa spana, nikaacha matundu manne ukutani. Jumapili iliyofuata nilikuwa njiani tena, nimelishika dishi mapajani kama ungo, upepo unalisukuma, dereva wa bodaboda analalamika njia nzima.

Ilichukua karibu mchana mzima. Dishi ni kitu cha kusogeza kidogo sana. Ukipitiliza kwa unene wa ukucha, umepoteza. Mwalimu alikaa ndani akisoma kipimo cha mawimbi kwenye kioo, ananipigia kelele: "Imepanda! Imeshuka! Rudisha!" Mara akanyamaza. Nilidhani amechoka. Niliposogea dirishani nilimkuta amesimama katikati ya chumba, rimoti mkononi, na mama ameinama mbele kwenye kochi.

Hakukuwa na Bunge siku hiyo. Ilikuwa marudio ya mjadala fulani, wabunge watatu mezani. Mama alimnyooshea kidole mmoja wao.

"Huyu ndiye yule mwenye sauti ya kijana? Kumbe mzee hivi!"

"Ndiye," mwalimu alisema.

"Ana mvi mpaka kwenye nyusi." Aliinama zaidi kuelekea kioo. "Wanaonekana mno," alisema, na sikujua kama anafurahi au anahuzunika. Nadhani hata yeye hakujua. Miaka yote alikuwa amewatengenezea nyuso kichwani mwake, na siku moja, kwa spana yangu, wote wakabadilishwa. Kisha akaniambia niingie ndani nile, ugali unapoa.

Mwenye duka alikuja kujua kwamba nilimfungia mteja dishi la kampuni nyingine. Alinisema mbele ya wenzangu, lakini hakunifukuza, maana wateja walikuwa bado wengi. Walipopungua, nilikuwa wa kwanza kuambiwa nipumzike. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya soko. Yule fundi mzee alinipa stuli na bisibisi, nikakaa kwake karibu miaka mitatu, nikajifunza yale ambayo siku moja ya ukumbi wa hoteli haikuyagusa.

Lile dishi la Mtinko lilifanya kazi kwa muda. Baadaye baadhi ya chaneli za nyumbani zikaondoka kwenye kile king'amuzi, lakini wakati huo mtambo mwingine ulikuwa umeshafungwa upande wao wa mwamba, nikaenda kuwawekea king'amuzi cha mfumo mpya na antena ndogo juu ya bati. Ikashika mara ya kwanza. Mwalimu aliwahi kuiona. Alipofariki, mama alichukuliwa na binti yake, na nimesikia sasa anatazama Bunge kwenye simu kubwa anayowekewa kwenye mto, na mtandao ukisumbua anautukana kwa Kinyaturu.

Mimi nina duka langu dogo Ilongero. Nafunga sola, madishi, antena, natengeneza na simu. Mteja akija nambakisha muda mrefu na maswali: nyumba yako iko wapi, inatazama upande gani, kuna nini mbele yake, televisheni yako hebu nisomee maandishi ya nyuma. Wengine wanaudhika wanakwenda kwa jirani, ambaye anauza bila kuuliza. Siwashiki.

Hivi karibuni alinipigia mrina asali wa Rungwa, mbali huko karibu na pori la akiba. Alitaka kujua kama king'amuzi cha antena kitashika kwake. Nikamwambia sijui, sijawahi kufika kijijini kwao, anipe siku mbili niulizie mafundi wa huko.

"Dada, wewe unauza kweli?" aliuliza.

"Nauza."

Alinipa zile siku mbili. Niliuliza, nikapata jibu, nikampigia: kwake antena haiwezi, labda dishi, na hata hilo lingehitaji mtu aende akapime kwanza. Alinishukuru, akasema atafikiria akimaliza kurina. Mwezi uliofuata alikuja mjini kwa shughuli zake, akafika mpaka dukani kwangu. Alitazama madishi, akagonga moja kwa kucha, akauliza maswali mazuri kuliko ya wateja wangu wengi. Mwisho akanunua redio ya betri, akaiwasha palepale kaunta kuhakikisha inasema, akaiweka begani na kuondoka nayo ikiwa inaongea.